Kosa la kifuniko cha zambarau: niliyojifunza nikipima chembe sahani kwa flosaitometria

Ripoti ya kwanza ya chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha, niliyoitia saini haikuwa ya kweli, na kijana wa watu aliishi nayo kwa miezi mitano. Naliweka hili mbele kwa sababu kosa lenyewe lilianzia kwenye kifuniko cha tyubu tu. Najua wapo wenzangu kwenye maabara za rufaa wanaofunua sasa hivi mashine za kuhesabu seli za kinga za CD4 zilizolala ili wazipe kazi nyingine. Wasipite nilikopita mimi.

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania. Kwa miaka minane kazi yangu ilikuwa kuhesabu CD4 za watu wanaoishi na VVU, na mashine yetu ya flosaitometria, FACSCalibur, ililetwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri CD4 zishuke, na kipimo cha wingi wa virusi kikawa ndicho cha ufuatiliaji. Sampuli zikapungua. Ikafika wiki naiwasha mashine ili niisafishe tu, kisha naifunika kitambaa.

Ndipo akaja daktari wa magonjwa ya damu, mama mmoja mtaratibu sana, akaniambia: "Hiyo unayoifunika ndiyo ninayoitafuta."

Alikuwa na watoto wanaotoka damu puani na kwenye fizi, wana mabaka mwilini, lakini kila wakipimwa idadi ya chembe sahani ni ya kawaida, kati ya bilioni 150 na 450 kwa lita, na vipimo vya kuganda damu, PT na APTT, havina shida. Mashine ya kuhesabu inakwambia chembe sahani zipo ngapi. Haikwambii kama zinafanya kazi. Kipimo cha zamani cha utendaji, kile alichokibuni Gustav Born mwaka 1962 cha kutazama chembe sahani zikishikana kwenye mwanga, kinataka damu nyingi, kinasumbua kama chembe zenyewe ni chache, na kifaa chake hatukuwa nacho. Flosaitometria inahitaji mikrolita 5 za damu kwa kila tyubu. Damu hupita kwenye mkondo mwembamba kiasi kwamba chembe hupita moja moja mbele ya leza, na kingamwili zilizobebeshwa rangi huonyesha ni vipokezi gani vipo juu ya kila chembe na ni vingapi.

Nilikubali haraka. Nilijiona naijua mashine.

Kijana wa kwanza alikuwa na miaka 22, mwanafunzi wa chuo, anatoka damu puani tangu utotoni. Damu yake ililetwa kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, ile yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, tunayotumia kwa picha kamili ya damu, na ilikuwa imelala kwenye friji usiku kucha. Sikuuliza chochote. CD4 zangu zote zilikuja kwenye tyubu hiyohiyo. Nilipima kwanza CD61, sehemu ya kipokezi ambacho chembe sahani hutumia kushikana, nikakuta vipokezi vipo tele. Kisha nikazichokoza chembe kwa ADP, kemikali inayoziamsha, na kuweka kingamwili iitwayo PAC-1, ambayo hukamata kipokezi pale tu kinapokuwa kimeamka na kufunguka. Haikukamata kitu. Nikaandika kwamba vipokezi vipo ila havifanyi kazi, na kwamba inaelekea ni aina adimu ya ugonjwa wa Glanzmann, ule wa kurithi ambao chembe sahani hushindwa kushikana.

Nakumbuka furaha ya siku ile. Nilijiona nimegundua jambo ambalo wengi hawajawahi kuliona.

Miezi mitano baadaye kichupa kipya cha PAC-1 kilifika, na daktari akataka nijaribu ubora wake kabla sijakitumia kwa mgonjwa. Nikatoa damu yangu kwenye tyubu mbili, moja ya kifuniko cha bluu yenye sitrati, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, na nyingine ya zambarau kwa kuwa ilikuwa mezani. Ya bluu ikang'aa vizuri. Ya zambarau ikabaki giza, sawasawa na ile ya yule kijana.

Nilikaa chini. PAC-1 haishiki bila kalsiamu, na EDTA huifunga kalsiamu yote. Sitrati huipunguza tu, inabaki ya kutosha. Kwenye tyubu ya zambarau hata damu ya mtu mzima wa afya itaonekana ya mgonjwa. Zaidi ya hapo, EDTA ikikaa na damu kwenye joto la mwili huwatenganisha CD41 na CD61, ambao kwa kawaida husimama wameshikana kama pacha, na baadhi ya kingamwili humtambua pacha akiwa na mwenzake tu. Friji nayo huziamsha chembe sahani na kuzibadili umbo. Kwa hiyo sampuli ile ilikuwa imeharibika kwa njia mbili kabla sijaigusa, na mimi nikaongeza ya tatu: sikuweka pembeni damu ya mtu mzima iliyochukuliwa saa ileile, kwenye tyubu ileile. Ningeiweka, ningeliona kosa langu siku ileile.

Kwenda kumwambia daktari kulikuwa kugumu, lakini kumpigia simu yule kijana kulikuwa kugumu zaidi. Aliitika, "Shikamoo dada," kwa sauti ya mtu anayetegemea habari mbaya zaidi. Alikuwa ameacha mpira. Posa yake ilikuwa imeahirishwa kwa sababu wazee wa upande wa mchumba waliambiwa ugonjwa ni wa kurithi. Nilipomaliza kueleza alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ni mzima?"

Nikamjibu, "Bado sijui, mdogo wangu. Ninachojua ni kwamba nililoandika sikustahili kuliandika."

Tukamrudia kwa tyubu ya bluu, na ya mwenzetu mmoja mzima pembeni. Zikalingana. Baadaye daktari wa pua na masikio alikuta mshipa mdogo uliochubuka mbele ndani ya pua, akauchoma, damu ikakoma. Ripoti ya masahihisho niliiandika kwa mkono wangu na kuhakikisha imeingia kwenye faili juu ya ile ya zamani. Wewe ukikosea, usitosheke kutoa ripoti mpya. Andika wazi kwamba ile ya kwanza imefutwa na kwa nini, maana faili husomwa na daktari mwingine usiku wa manane.

Tangu siku hiyo nashuka mwenyewe wodini kuchukua damu. Mgonjwa anakaa kwanza atulie. Sindano ya geji 21, kamba ya mkono isikazwe sana wala isikae muda mrefu. Mililita mbili za kwanza zinaenda kwenye vipimo vingine, kwa sababu damu ya mwanzo imeguswa na jeraha la sindano na chembe zake huanza kuamka. Kisha sitrati ya asilimia 3.2, sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa, tyubu ijae hadi alama. Naigeuza taratibu mara nne, siitikisi. Naibeba mkononi kwenye joto la kawaida la chumba, bila barafu, na kazi iwe imekwisha ndani ya saa nne. Nauliza dawa: aspirini, diklofenaki, ibuprofeni, hata za kienyeji, kwa mgonjwa na kwa yule mzima wa kulinganisha. Mara mbili mimi mwenyewe sikufaa kuwa wa kulinganisha kwa sababu nilimeza diklofenaki ya mgongo wiki ileile.

Jambo jingine lililonichukua muda ni kubadili macho. Kwenye CD4, chembe sahani zilikuwa taka kwangu. Kizingiti cha mashine nilikiweka juu makusudi ili vitu vidogo visionekane. Chembe sahani ina kipenyo cha mikromita 2 hadi 3 tu, inakaa jirani na vumbi na kelele za mashine. Ukitumia mipangilio ya CD4 utazikata nyingi bila kujua. Sasa natumia mizani ya logi kwa ukubwa na kwa chembechembe za ndani, nashusha kizingiti, na inapowezekana nakiweka kwenye mwanga wa kingamwili badala ya ukubwa, ili mashine ihesabu kilichoshikwa na rangi tu. Mwendo wa sampuli uwe wa chini kabisa, damu iwe imezimuliwa vya kutosha, la sivyo chembe mbili zitapita pamoja na mashine itadhani ni moja.

Binti aliyenifundisha zaidi alikuja na mama yake akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameng'olewa jino na kutoka damu siku tatu. Shuleni mwalimu aliona mabaka meusi mapajani akadhani anapigwa nyumbani, na mama aliitwa kujieleza. Kwenye faili kulikuwa na neno hemofilia lenye alama ya kuuliza, ingawa APTT yake haikuwa na tatizo na hemofilia kwa wasichana ni nadra sana. Mama aliniangalia nikifunga kamba ya mkono, akasema: "Dada, kila mwezi mnachukua damu ya mwanangu, kila mwezi mnasema iko sawa. Sasa hii inayomwagika ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, safari hii tunatafuta kitu kingine." Akaitikia tu, "Haya."

Kabla ya mashine tulifanya mambo mawili ambayo maabara yoyote ya wilaya inaweza kufanya, na natamani yangefanyika kwake miaka mitano nyuma. Kwanza, tone la damu kutoka kidoleni, moja kwa moja kwenye kioo bila dawa ya kuzuia kuganda. Chembe sahani za mtu mwenye afya huonekana zimeshikana mafungu mafungu. Za binti zilikuwa moja moja, zimetawanyika kama mchele uliomwagika. Pili, damu kwenye tyubu ya kioo isiyo na dawa, ndani ya maji ya nyuzi 37. Bonge la damu ya mtu mzima hujikunyata ndani ya saa moja au mbili likaacha maji pembeni. La binti lilibaki limejaa tyubu vilevile kama lilivyomiminwa.

Kisha nikaweka damu kwenye mashine, na histogramu ya CD61 ikatoa vilima viwili. Kilima kikubwa kilikuwa gizani kabisa, kidogo kiling'aa kama cha mtu mzima. Nilidhani nimechanganya sampuli. Nilirudia mara tatu, nikatumia kingamwili ambayo tuliinunua kwa zaidi ya dola 300 kabla ya usafiri, na bado vilima vilikuwa viwili. Ni daktari aliyefungua faili ukurasa wa nyuma: siku nne kabla, hospitali aliyotoka walimwongezea chembe sahani. Kilima kidogo kilikuwa cha mchangiaji damu.

Kwa hiyo uliza kuhusu kuongezewa damu kabla hujachukua sindano. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Tulisubiri wiki mbili, na wiki hizo mbili mama alizihesabu kwa nauli na chakula, hakunificha. Lingekuwa swali moja tu siku ya kwanza.

Mara ya pili picha ilikuwa safi. Mikrolita 5 za damu, kingamwili, dakika kumi na tano gizani bila kutikisa, kisha fomaldehidi ya asilimia 1 kutuliza kila kitu. PAC-1 lazima iwekwe chembe zikiwa bado hai, kabla ya fomaldehidi. Nilikusanya chembe 10,000. CD42b, kipokezi kingine cha chembe sahani, ilikuwepo kwa wingi uleule wa mtu mwenye afya. CD41 na CD61 hazikuonekana kabisa, mwanga wake ulilingana na tyubu isiyo na kitu. Chembe sahani ya kawaida ina takriban vipokezi 80,000 vya pacha hawa. Nilipoziamsha kwa TRAP, kipande cha protini kinachoziita chembe kwa njia ya thrombini bila kuigandisha damu, CD62P, alama inayojificha ndani hadi chembe iamke, ilitokeza juu vizuri kabisa. Maana yake zilisikia wito na kuitika, zikatoa vya ndani. Ila PAC-1 haikupata pa kushika. Chembe za binti yule hazina mikono ya kushikana.

Huo ndio ugonjwa alioueleza Eduard Glanzmann, daktari wa watoto wa Uswisi, mwaka 1918. Safari hii nilikuwa na damu ya mtu mzima pembeni, na nilirudia siku nyingine kabla ya kutia saini.

Tukapima na wazazi, ambao ni binamu. Mwanga wa CD61 kwa kila mmoja ulikuwa karibu nusu ya mtu mzima. Hao hawaumwi, hawajawahi kutoka damu isivyo kawaida, wamebeba tu jeni moja kati ya mbili. Baba alipoona zile picha tatu, kamili, nusu na giza, aliuliza maswali machache kuliko nilivyotarajia. Alisema, "Basi hakuna aliyemlaani." Sikujua kama nyumbani kulikuwa na maneno ya namna hiyo.

Daktari aliwapa maelekezo ambayo nayaandika hapa kwa sababu ni muhimu kuliko namba zangu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ni marufuku. Sindano za msuli ziepukwe. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iache kutoka, iwepo nyumbani, na daktari wa meno aambiwe kabla. Kuongezewa chembe sahani kuwe kwa haja kubwa tu, kwa sababu mwili usio na kipokezi hicho unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, na siku ya hatari chembe za msaada zikaharibiwa. Na kwa binti, hedhi ya kwanza lazima ipangiwe mapema.

Kuna somo moja la kitaalamu ambalo sitaki lipotee. Usiitafute chembe kwa alama ambayo huenda haina. Kama ningezungushia uzio chembe za binti kwa kutumia CD61, yaani kuiambia mashine ihesabu zenye alama hiyo tu, kama miongozo mingi ya kuhesabu inavyofanya, zingetoweka, na ningeandika kwamba hana chembe sahani kabisa. Kinyume chake kilitupata kwa mtoto wa miaka minne aliyekuwa ametumia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, miezi mingi kwa kudhaniwa kwamba kinga yake inakula chembe sahani. Nilizitafuta kwa CD42b, nikakuta karibu hakuna kitu. Tulipotazama kioo kwa hadubini, chembe zilikuwepo, nyingine kubwa kama seli nyekundu. Mashine ya kuhesabu ilizichukua kuwa seli nyekundu, na uzio wangu wa ukubwa ukazitupa nje. Nilipotumia CD61 kuzitambua na kupanua uzio, zikaonekana zote, hazina CD42b wala CD42a. Ni ule ugonjwa walioueleza Jean Bernard na Jean-Pierre Soulier huko Ufaransa mwaka 1948. Prednisoloni ikasimamishwa polepole. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba kwa dawa ambayo haikuwa yake. Kwa hiyo tumia alama mbili kila mara, moja ya kumtambua na nyingine ya kumchunguza, halafu zibadilishane. Na kioo kitangulie.

Kuhusu gharama, sitadanganya. Kingamwili zinakuja kwa ndege kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kichupa kimoja tulikipoteza umeme ulipokatika mwisho wa wiki na hakuna aliyekuja kuangalia friji. Tumepunguza matumizi kwa kupima ni kiasi gani kidogo kabisa cha kingamwili kinatosha, na kwa damu kidogo tunayotumia tuligundua hatukuhitaji dozi yote iliyoandikwa kwenye karatasi ya kichupa. Wagonjwa tunawapanga siku moja ili damu ya mtu mzima iwafae wote. Hata hivyo kuna miezi tunakaa bila PAC-1. Miezi hiyo naandika kwenye ripoti kwamba nimepima kuwepo kwa vipokezi tu, sikupima utendaji. Naumia kuliandika, lakini naliandika.

Mwaka jana mama wa binti alirudi na mtoto mchanga mgongoni, wa kiume, miezi miwili. Hakuwa na baka lolote. "Nataka kujua kabla ya chanjo," alisema, na alikuwa sahihi, kwa kuwa chanjo nyingi hupigwa msulini. Nilichukua damu kidogo sana, na ya baba yake na ya mwenzangu mzima pembeni. Mama hakutaka kusubiri nje. Nilimpa stuli akakaa nyuma yangu, mtoto amelala. Kilima cha CD61 kilipoanza kupanda kwenye skrini nilimsikia ameacha kupumua.

Kilisimama katikati, kikalingana na kile cha baba yake.

"Nusu," akasema. Alikuwa ameshajifunza kuzisoma. "Kama mimi?"

"Kama wewe, mama."